Vikurasa vya Mabibo Vilivyompatia Mzee Pazi Mchumba

Ninyi vijana mnaokuja uani kwangu hapa Tangini na simu mkononi, mnanionyesha picha za andazi lililolala kama kandambili, kisha mnauliza swali lilelile: "Bibi, mbona la kwangu halipandi?" Nami nawauliza: ulikuwa unakimbilia wapi? Unga wa matabaka unaijua haraka ya mtu kama mtoto mchanga anavyoujua mkono wa mgeni. Ukiushika huku moyo wako uko kwenye basi la Dar, nao utapanda basi hilohilo ukuache na sinia tupu.

Kaeni basi. Wewe mwenye kucha ndefu, kaa mbali na bakuli langu. Leo sitawafundisha vipimo, vipimo mnavyo humo kwenye simu. Leo nawasimulia jinsi kazi hii ilivyonifikia, na jinsi ilivyomwoza mzee mzima mchana kweupe.

Mimi ni Mnyamwezi. Nilifika Kibaha na marehemu Baba Kulwa miaka ya sabini, yeye fundi uashi, mimi na watoto wangu mapacha, Kulwa mgongoni na Doto kifuani, kama gunia lililofungwa pande zote mbili. Tangini ilikuwa nyumba chache na mikorosho. Huko Zegereni mnakokuona leo kuna viwanda, sisi tulikwenda kuokota kuni na kutukanwa na nyani. Nilikuwa nakaanga maandazi barazani asubuhi, nawauzia walimu na mafundi wanaowahi kazini, nami nilijiona mpishi.

Mpaka alipokuja Mzee Pazi.

Alikuwa Mzaramo wa Mkuza, mrefu, mwenye masharubu aliyoyapaka nta yakasimama kama pembe za swala. Alikuwa amepika kwenye mahoteli ya Dar na kwenye nyumba za Wazungu tangu kabla ya Uhuru, sasa amestaafu, mkewe amefariki, watoto wametawanyika. Kila asubuhi alikuja na kanzu iliyonyooshwa, akanunua andazi moja, akalipasua katikati, akachungulia ndani kama daktari anayechungulia koo, akatikisa kichwa. Halafu akalila lote.

Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo mzee. Unatafuta nini humo ndani?"

"Marahaba, Mama Kulwa. Natafuta hewa. Hili andazi limekufa kwa kukosa pumzi."

"Wewe Mzaramo, ungekuwa unajua kupika ungekuwa unanunua kwangu?"

"Wewe Mnyamwezi, ungeacha kubeba mizigo ya watu ungepata muda wa kujifunza."

Wateja wakacheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai. Mnajua Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, hatuna namna ya kusalimiana bila kurushiana maneno. Nikamwambia: "Basi kesho njoo upike wewe, mimi nikae nichungulie."

Nilidhani natania. Kesho yake alikuja kabla jua halijachomoza, amevaa aproni nyeupe iliyotiwa wanga mpaka inasimama yenyewe, na begani amebeba kipande cha marumaru alichokiokota kwenye nyumba iliyobomolewa. Baba Kulwa aliamka akakuta mzee wa watu anapiga siagi kwa mchi uani kwake. Akarudi kulala. Baadaye aliniambia alidhani ni ndoto.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapokosea. Mzee Pazi alikanda unga kwa maji ya mtungi, chumvi kidogo na tone la ndimu, mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio. Siagi aliipiga ikawa bapa, akailaza katikati ya unga, akaifunika pande zote kama mtoto ndani ya khanga. Akasukuma taratibu. Akakunja mara tatu, vile unavyokunja khanga ya kuweka sandukuni. Akafunika kwa kitambaa kibichi, akaulaza unga kivulini ubavuni mwa mtungi. Ulipopumzika, akaugeuza, akasukuma, akakunja tena.

"Siagi na unga," aliniambia, "ni majirani. Wakae karibu, wasalimiane, lakini wasioane. Wakioana umepata chapati. Wakibaki majirani, moto ukiwafikia, mvuke unainua kila tabaka peke yake."

"Nitajuaje siagi ina baridi ya kutosha?"

"Umewahi kuguswa na pua ya mbwa?"

"Ndiyo."

"Hiyo hiyo."

Mpaka leo, na friji mbili humu ndani, bado napima kwa pua ya mbwa. Msicheke. Jaribuni.

Oveni yetu lilikuwa debe lililolazwa ubavu, makaa chini, makaa juu ya bati, na matofali ya Baba Kulwa pembeni yasiruhusu upepo. Mzee Pazi alitia nanasi lililopikwa kwa sukari na iliki, akafunga kila kipande pembe kwa pembe, akavitia humo. Nikaketi nichungulie kama nilivyoahidi. Loo! Vile vitu vilianza kuinuka, vikavimba, vikafunguka pembeni, rangi ikawa ya dhahabu, na harufu ikatoka ikaenda barabarani kuita watu bila ruhusa yangu. Kulwa na Doto wakati huo walikuwa wamekua, wameanza kusoma. Doto akakamata kimoja, akakifungua, akapiga kelele: "Mama, kina kurasa!"

Basi jina likawa hilo. Kizungu chake ni pafu pestri. Tangini yote tuliita vikurasa.

Msidhani nilijua siku hiyohiyo. Vya kwangu vya mwanzo nilivisukuma saa sita mchana, jua liko utosini, siagi ikatoroka yote. Nilipofungua debe nikakuta vinaogelea, vimejikaanga vyenyewe. Mzee Pazi akainama akavitazama, akauliza kwa upole: "Mama Kulwa, hawa samaki umewavua wapi?"

Safari nyingine nanasi langu lilikuwa na maji mengi. Nikajaza kwa ukarimu wa Kinyamwezi, nikafunga vizuri kabisa, nikamwandalia katekista aliyekuwa akipita kwenda kanisani na shati lake jeupe. Mtu wa Mungu aliuma mara moja tu. Kile kitu kikampasukia, nanasi la moto likaruka mpaka kifuani. Alipiga ishara ya msalaba kwa mkono mmoja na kujifuta kwa mwingine. Ibada ilichelewa, na waumini walinusa iliki mpaka mwisho. Tangu hapo napika tunda mpaka mwiko ukipita katikati ya sufuria njia inabaki wazi, hairudi kujifunga. Andikeni hilo.

Na ile rangi inayong'aa juu ni yai. Mzee Pazi alisema yai lipakwe kwa unyoya, si kwa kidole, kidole kinaponda kingo. Nikamwambia sina unyoya. Akasema jirani ana jogoo. Nawaambia, tulimkimbiza yule jogoo wa Mama Asha kuanzia choo cha jirani mpaka barabara kuu, mimi nimefunga khanga kiunoni, mzee amekusanya kanzu mkononi, mapacha wangu wanashangilia jogoo. Tulirudi na unyoya mmoja. Mama Asha alitaka alipwe kwa vikurasa, na alikula vingi kuliko mkia mzima wa jogoo wake.

Zikaja siku za uhaba. Ninyi hamzijui, na Mungu awaepushe nazo. Duka la ushirika lilikuwa na rafu safi kuliko sahani zangu. Unga ulipatikana kwa foleni, sukari kwa kujuana, siagi tuliiota tu. Mzee Pazi akajaribu samli, vikurasa vikagoma. Samli haina maji, vijana, mvuke utatoka wapi? Alikaa barazani kwangu siku hiyo masharubu yamelala.

"Kazi imekwisha," alisema. "Nitakufa nakula maandazi yako."

Nikamwambia, "Subiri kwanza, Mzaramo." Nikaenda kwa jirani mmoja mfugaji, nikapata maziwa. Nikayagandisha, nikayatia kwenye kibuyu, nikakaa chini nikaanza kukisukasuka kama bibi yangu alivyofanya kule kwetu. Mzee alinitazama kama mtu anayetazama mganga. Kibuyu kikaimba, kikaimba, halafu sauti ikabadilika, ikawa nzito. Nikamimina. Siagi hiyo, bonge, ya manjano. Nikaiosha kwa maji ya mtungi mpaka maji yakatoka safi.

Mzee Pazi aliigusa kwa ncha ya ulimi. Akasimama. Akacheza. Mzee mzima na aproni yake, alicheza uani kwangu bila ngoma wala mpigaji.

"Kumbe Mnyamwezi hukubeba mizigo tu! Ulibeba na akili!"

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Nilianza kuona dalili. Mzee Pazi alianza kuoga adhuhuri. Akanunua kofia mpya. Alipokuwa anasukuma unga akawa anaimba nyimbo za mapenzi kwa sauti ambayo hata nyani wa Zegereni wangelalamika. Nikamuuliza, akakana. Nikamuuliza tena, akatia chumvi mara mbili. Nikajua.

Alikuwa Bi Mwajuma wa Kisarawe, mjane, msusi wa mikeka. Walikutana kwenye harusi ya ndugu. Huyu mama alikuwa amekataa wachumba wengi tangu mumewe afariki. Mwenye mashamba alikataliwa, mwenye duka alikataliwa. Mzee Pazi alipotuma mtu kuuliza, jibu lilirudi hivi, nami nililisikia kwa masikio yangu kutoka kwa huyo mjumbe, barazani kwangu:

"Bi Mwajuma anasema hivi. Wapishi nawajua. Wanapikia wageni vitu vitamu, nyumbani wanataka wapikiwe. Kama kweli mpishi, aje yeye mwenyewe, apike uani kwangu, kwa moto wangu na kwa matunda yangu, chakula ambacho sijapata kukila. Akishindwa asirudi."

Mzee Pazi alivua kofia yake mpya, akaivaa tena. Halafu akanigeukia.

"Mama Kulwa, una kibuyu?"

"Ninacho."

"Twende tukaoe."

Nilitengeneza siagi jioni. Alfajiri tuliitia kwenye chungu kidogo, chungu ndani ya kapu, kapu tukalizungushia gunia bichi. Nilichukua kibuyu, na chupa ya asali niliyoletewa na ndugu zangu kutoka Tabora, iwe zawadi ya bibi harusi kama mambo yatanyooka. Mzee alibeba marumaru yake. Tukapanda lori la mfanyabiashara wa nazi anayefahamiana na Baba Kulwa, mwenye lori na dereva mbele, sisi nyuma juu ya magunia, mzee ameshika kofia kwa mkono mmoja na masharubu kwa mwingine.

Kabla ya kuanza kupanda vilima vya Kisarawe tukasimamishwa na mgambo. Ilikuwa siku za msako wa walanguzi. Mtu akikukuta na sabuni mbili anataka kujua ya pili ya nani. Yule kijana wa mgambo akapanda nyuma, akapekua nazi, akaliona kapu langu lililofunikwa.

"Mama, humu kuna nini?"

"Siagi, mwanangu."

 Siagi! Neno hilo lilikuwa halijasikika muda mrefu.

"Siagi mmeitoa wapi? Mnaipeleka kwa nani?"

 Nikaona kituo cha polisi, nikaona mapacha wangu wanalia, nikaona Baba Kulwa anakula ugali mbichi. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Pazi akasimama juu ya magunia, akanyoosha kanzu.

"Inakwenda kuoa," akasema.

"Nini?"

"Siagi hii, kijana, inakwenda kunitafutia mke. Imetoka kwenye kibuyu cha huyu mama. Kibuyu hiki hapa, nusa. Ukifunua hilo gunia jua likaingia, siagi itayeyuka, nitakataliwa, na nitakuja kuishi kwako uzeeni."

Akamweleza yote. Masharti ya Bi Mwajuma, uani kwake, moto wake, matunda yake. Yule kijana alisikiliza, bunduki begani, mdomo ukaanza kumcheza. Akanusa kibuyu. Kikanuka maziwa. Akaangua kicheko, akawaita wenzake, nao wakataka wasimuliwe upya, mzee akawasimulia upya na kuongeza chumvi. Mwisho kijana akachukua maji kwenye galoni lao, akalimwagia lile gunia lipoe vizuri.

"Nenda mzee," akasema. "Ukioa upite hapa utuambie."

Kisarawe ni juu, mnajua, kuna hewa. Nilishukuru kwa hilo, maana hewa ya Kibaha mwezi ule ingetuonea. Uani kwa Bi Mwajuma kulifagiliwa mistari mistari kama kitambaa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, mnene kiasi, mtulivu, macho yake hayana haraka. Pembeni yake wanawake wa nyumba za karibu wamejipanga kama wamekuja kwenye ngoma, na mbele yao dada yake mkubwa, Bi Tatu, mwembamba kama ufito, ulimi kama wembe.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Huyu ndiye mpishi?" Bi Tatu akauliza. "Mbona masharubu yamefika kabla yake?"

Wakacheka. Mzee Pazi akacheka pia, lakini niliona anajifuta viganja kwenye kanzu. Akamsalimia Bi Mwajuma kwa adabu zote, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Nipeni hayo matunda."

Tulikuwa tumetarajia nanasi. Tulitarajia maembe, au machungwa, kwani Kisarawe ni kwao. Bi Mwajuma akasukuma ungo. Ungo umejaa mabibo.

Mabibo! Tunda la mkorosho. Lina maji kama kitambaa kilichochovywa, linashika ulimi ukaota magaga, na mtoto yeyote wa Pwani amelila mpaka nguo zikaharibika. Wanawake wakaziba midomo kwa khanga. Walijua. Mzee Pazi alinitazama, nami nikamtazama. Katika maisha yake yote, mahotelini na kwa Wazungu, hakuna aliyempa bibo atie kwenye unga wa matabaka.

"Haya," Bi Tatu akasema, "lori lenu bado lipo?"

 Mzee akachukua bibo moja, akalibana, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akafikiri. Halafu akavaa aproni.

"Mama Kulwa, kamua yote. Usiache maji. Kisha yachemshe kwenye maji ya chumvi, umwage, uyaoshe."

Nikakamua mpaka vidole vikauma. Nikachemsha kwa chumvi, nikamwaga, ule ukali wa kushika ulimi ukaondoka na maji. Yeye akayakata vipande vidogo, akayarudisha motoni na tangawizi na ndimu. Akanyoosha mkono kutaka sukari. Bi Mwajuma akatikisa kichwa: sukari hamna, wote wako kwenye foleni. Nikakumbuka asali. Zawadi ya bibi harusi ikaingia sufuriani kabla bibi harusi hajakubali. Bi Tatu akanikonyeza. "Mmeanza kulipa mahari," akasema.

Tunda likaanza kushikana, likawa jekundu la kahawia, na harufu yake, wanangu, siwezi kuwaeleza. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kusogea.

Lakini shida ilikuwa kwenye unga. Mzee Pazi alilaza marumaru kivulini, akafunika siagi ndani ya unga, akaanza kusukuma. Na mikono yake ilikuwa inawaka. Ni hofu ile. Mtu akiogopa viganja vinapata homa. Nikaona siagi inaanza kung'aa kwenye kingo, inataka kutoroka. Nikamnong'oneza, "Niachie mimi." Akakataa. "Amesema nipike mimi mwenyewe." Akasukuma tena, na tabaka likachanika, siagi ikachungulia. Mimi nikafumba macho. Nilijua kinachofuata, nilishawahi kuvua samaki hao.

Niliposikia hatua nikafumbua. Bi Mwajuma alikuwa ameinuka kutoka kwenye mkeka wake. Alikwenda mtungini, akachota maji kwa kata, akayamimina kwenye bakuli la udongo, akaliweka mbele ya mzee.

"Mikono yako ya moto, mzee," alisema taratibu. "Ichovye humu. Hatukukimbizi."

Mzee Pazi akachovya. Akavitumbukiza viganja vyote viwili, akavituliza humo, naye akashusha pumzi ndefu. Akavikausha. Akanyunyiza unga pale palipochanika, akafunika kwa kitambaa kibichi, akaulaza unga. Wakati unalala akakaa chini, na Bi Mwajuma akarudi kwenye mkeka akaendelea kusuka ukili wa mkeka kama hakuna kilichotokea. Bi Tatu alimtazama mdogo wake, akamtazama mzee, akafunga mdomo wake. Nilipouona mdomo ule umefungwa nikajua mambo si mabaya.

Unga ulipoamka ulikuwa mtulivu. Akausukuma, akaukunja, akaulaza, akaugeuza, tena na tena, kila mara akichovya mikono kwanza. Jua likapita utosini likaanza kushuka. Hakuna mwanamke aliyeondoka. Mmoja alikwenda kuepua maharage yake akarudi mbio, analalamika asianze bila yeye.

Debe la kuokea halikuwepo, tukatumia sufuria kubwa yenye mchanga chini, sahani ya bati ndani yake, kifuniko juu na makaa juu ya kifuniko. Tukatia vikurasa. Sasa ikabaki kungoja. Wanawake wote walikuwa wameinama kuizunguka ile sufuria kama wanaosikiliza redio.

"Kunasemaje humo ndani?" mmoja akauliza.

"Nyamaza, vitaogopa," Bi Tatu akamjibu, na hakuwa anatania.

Mzee Pazi akanipa ishara. Nikashika kifuniko kwa koleo, nikakiinua na makaa yake. Mvuke ukatoka. Kisha tukaviona: vimesimama, vimevimba, pembeni vinahesabika kurasa, mabibo yanachuruzika kidogo kwenye kona kama wino wa asali. Uwanja mzima ukasema "Aaah!" kwa sauti moja. Kuku wa Bi Mwajuma walikimbia.

Bi Tatu hakungoja kualikwa. Akauma. Kikurasa kikapasuka, vipande vikamrukia kifuani, kwenye khanga, kwenye kidevu, mpaka kwenye nyusi. Akajaribu kusema kitu cha ukali, akashindwa, akaanza kucheka mdomo umejaa, vipande vikaruka zaidi. Wale kuku waliokimbia wakarudi mbio wakaanza kumdonoa miguuni. Akawa anaruka, anakula, anacheka, anafukuza kuku, na hakuachia kile kikurasa mkononi. Wote tulikuwa hoi.

Isipokuwa Mzee Pazi. Yeye alikuwa anamtazama Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma alichukua kimoja kwa vidole viwili. Akakigeuza. Akauma kidogo. Akatafuna. Akafumba macho, akatafuna tena, akauma kikubwa. Kicheko kikapungua, kikaisha. Hata kuku nadhani walitulia. Alikula mpaka kikaisha, akakusanya vipande vilivyoanguka kwenye khanga yake, navyo akavila, akajifuta midomo.

"Mabibo haya haya?" akauliza.

"Hayo hayo," mzee akajibu.

"Nimeyala tangu nina meno ya utoto. Kumbe sikuwahi kuyala."

 Aproni ya mzee iliyotiwa wanga ilikuwa imelegea yote, masharubu yamejaa unga.

Bi Mwajuma akanyoosha khanga yake magotini. Akamtazama kwa yale macho yasiyo na haraka.

"Na kesho," akasema, "utanipikia nini?"

 Mzee aligeuka akautazama ule ungo wa mabibo. Nadhani hakuelewa, maskini, alikuwa anatafuta kweli jibu la kupika nini. Ni Bi Tatu aliyeelewa. Alirusha mikono juu, vipande bado vimejaa kwenye nyusi, akapiga kigelegele kilichofika nadhani mpaka kwa wale mgambo barabarani.

"Amesema kesho! Jamani mmesikia? Mwajuma amesema kesho!"

Vigelegele vikaitikia pande zote. Wanawake wakamvaa mzee, wengine wanamvuta kanzu, wengine wanampaka unga usoni, naye amekaa chini mchangani miguu ameinyoosha, anauliza, "Kesho? Amesema kesho?" kama mtoto. Bi Mwajuma alikuwa ameficha uso kwenye khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, koleo mkononi, kifuniko cha makaa kinaning'inia, nimesahau kukiweka chini, nacheka mpaka machozi yananidondokea kwenye mchanga.